Mipito ya kisinema: DaVinci Resolve, Premiere, Kdenlive na CapCut kwenye mizani

Ukifungua tovuti ya programu yoyote ya kuhariri video utakutana na tangazo la namba za mipito, yaani namna za kutoka shoti moja kwenda nyingine: mipito 200, mipito 500, buruta uachie. Namba hizo zisikubabaishe. Filamu ya saa moja na nusu hutumia aina chache mno: mkato mkavu (shoti moja inakoma, nyingine inaanza papo hapo), myeyuko (moja inafifia huku nyingine ikiingia), picha kufifia hadi giza, sauti kuitangulia picha, na mara moja moja kamera iliyofagia kwa kasi au mkato uliofichwa nyuma ya mgongo wa mtu. Aina hizo zinaweza kutengenezwa kwenye karibu kila programu tutakayoitaja hapa. Tofauti iko kwenye uhuru unaopewa: kuhesabu mpito kwa fremu (picha moja moja zinazounda video), kuuanzisha pale unapotaka, kuamua mwanga wa shoti mbili uchanganyike vipi, na kuiacha sauti ipite kwa muda wake.

Mwanga kwanza

Chukua shoti ya chumba usiku, taa moja inawaka ukutani. Iyeyushe iingie kwenye shoti ya giza la nje, kisha simamisha katikati ya mpito. Ndani ya programu, kwa mizani ya biti 8, weupe kamili ni 255. Programu inayochanganya namba tupu itaishusha taa hadi 128. Shida ni kwamba namba za video haziendi sambamba na mwanga wenyewe: 128 ni kama asilimia 22 tu ya mwanga wa 255. Taa inazimika mapema, na picha nzima katikati ya mpito inakuwa na kijivu kama imepakwa majivu. Programu inayochanganya mwanga halisi itaiacha taa kwenye 186 hivi. Kuta zinapotea, meza inapotea, taa bado inang'aa, na ndiyo inayoondoka mwisho. Macho ya mtazamaji yamezoea kuuita mwonekano huo "sinema".

Kwenye Premiere Pro jambo hili limewekwa wazi: kuna Cross Dissolve, na kando yake kuna Film Dissolve, ambayo huchanganya kwa mwanga halisi. Ukiwa na shoti zenye taa, mishumaa, jua linalozama au taa za magari, tumia Film Dissolve. DaVinci Resolve ina Cross Dissolve moja, lakini ukiibonyeza kwenye taimulaini (mstari unaopangia klipu) na kufungua Inspector (paneli ya mipangilio) utaona orodha ya Style: Video, Film, Additive, Subtractive, Highlights na Shadows. Film inaiga myeyuko wa maabara ya filamu. Final Cut Pro nayo inakupa chaguo la Film kwenye orodha ya Look. Kdenlive na CapCut hazina swichi ya namna hii kwenye myeyuko wao wa kawaida, na kwa shoti za usiku utaliona pengo hilo.

Kipimo ni rahisi, na tunashauri ukifanye kwenye programu yoyote kabla ya kuilipia. Weka rangi nyeupe tupu, uiyeyushe iingie kwenye nyeusi tupu kwa fremu 24, simama kwenye fremu ya 12, fungua waveform, grafu inayoonyesha mwangaza wa picha, kwa mizani ya 0 hadi 100. Mstari ukiwa katikati, kwenye 50, programu inachanganya namba. Ukiwa karibu na 73, inachanganya mwanga.

Kuhusu urefu wa myeyuko, maabara za filamu zilikuwa na vipimo vyake: fremu 16, 24, 32, 48, 64 na 96. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, 24 ni sekunde moja na 96 ni sekunde nne. Vipimo hivyo bado vinafaa. Fremu 16 hadi 24 zinatosha kusema "muda kidogo umepita". Kutoka mchana kwenda usiku, au kutoka mjini kwenda kijijini, anzia 48. Fremu 96 zibaki kwa kumbukumbu na wimbo. Programu nyingi zinaanza na sekunde moja kwa kila mpito, na mhariri asiyebadilisha hapo anatoa filamu ambayo mipito yake yote ina pumzi moja. Kwenye Resolve badilisha Preferences, User, Editing. Unaweza kuandika kwa fremu badala ya sekunde.

Akiba ya fremu

Kosa linalowakwamisha wengi halitokani na programu. Myeyuko wa fremu 24 uliokaa katikati ya mkato unahitaji fremu 12 za shoti ya kwanza baada ya mahali ulipoikata, na fremu 12 za shoti ya pili kabla ya mahali inapoanzia. Fremu hizo ziko ndani ya faili lakini zimefichwa. Kama klipu imetumika yote, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna cha kuyeyusha. Premiere itakuonya "Insufficient media", na ukikubali itagandisha fremu ya mwisho na kuirudia, huku ikichora mistari ya mshazari juu ya mpito. Mtazamaji ataona mtu anaganda ghafla huku anafifia. Final Cut itakuuliza kama ipunguze klipu ili kupata nafasi. Ukikubali, taimulaini inafupika, na muziki uliokuwa umeoanishwa na mkato unaweza kuachana nao.

Dawa yake iko kwenye upigaji: acha kamera izunguke sekunde 3 kabla ya kusema "anza" na sekunde 3 baada ya kitendo kwisha. Klipu zilizokatwa tayari kwenye simu kisha zikatumwa kwa WhatsApp hazina akiba hata fremu moja, na juu ya hapo zimebanwa hadi giza limejaa vigae vya mraba. Omba faili halisi.

DaVinci Resolve

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu mwenye kompyuta ya kutosha, na tunaipendekeza bila kusita. Inatengenezwa na Blackmagic Design ya Australia, walioinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Toleo la bure halina kikomo cha muda wala alama ya chapa kwenye kazi ya kawaida, na linatoa video hadi 3840 kwa 2160 kwa fremu 60. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja, na funguo moja inaendesha kompyuta mbili. Ukigusa kitu cha Studio ukiwa kwenye toleo la bure, mfano Film Grain, maandishi ya chapa yatatanda juu ya picha. Ondoa athari hiyo na maandishi yanaondoka.

Ctrl+T inaweka mpito kwenye picha na sauti, Alt+T kwenye picha peke yake, Shift+T kwenye sauti peke yake. Zikariri hizo tatu. Ndani ya Inspector kuna pia Ease, ambayo inaamua mpito uanze polepole, uishie polepole, au vyote. Myeyuko wa fremu 48 wenye Ease ya In & Out unaonekana mtulivu zaidi kuliko wa 48 usio nayo.

Nguvu halisi ya Resolve inaonekana pale unapotengeneza mpito mwenyewe. Mfano ni mfagio wa kamera, pale picha inaporuka pembeni kwa kasi na kutua mahali pengine. Weka Adjustment Clip (klipu tupu inayoathiri zilizo chini yake) juu ya mkato, fremu 6 kila upande. Ifungue kwenye ukurasa wa Fusion, sehemu ya athari ndani ya Resolve. Kati ya MediaIn na MediaOut (picha inapoingilia na inapotokea) ingiza Transform, na kwenye Edges chagua Mirror ili picha ijirudie nje ya fremu badala ya kuacha weusi. Kwenye fremu ya kwanza weka alama ya mwendo, ile ya umbo la almasi, Center X ikiwa 0.5. Kwenye fremu ya mwisho weka 2.5. Hapa wengi hukosea kwa kuandika 1.5: kwa kuwa picha ya jirani ni kama ya kwenye kioo, ukisogea upana mmoja unatua kwenye picha iliyogeuzwa, na adjustment inapokwisha mtu aliyekuwa kulia anaruka kushoto. Upana mbili unakurudisha kwenye picha iliyo sawa. Fungua Spline, chagua alama zote mbili, bonyeza S ili mwendo uwe na mkunjo. Mwisho nenda kwenye Settings ya Transform, washa Motion Blur, Quality 8, Shutter Angle 180. Bila ukungu huo wa mwendo, mfagio unaonekana kama slaidi za mkutanoni.

Mkato wenyewe lazima uangukie pale kasi ilipo kubwa kabisa, yaani katikati. Ukisogea fremu 2 tu, jicho linaukamata.

Resolve ina udhaifu wake. Kwenye RAM ya GB 8 inafunguka, lakini Fusion itakutesa. Hesabu GB 16 kama mwanzo na GB 32 kama kazi ya Fusion ni ya kila siku, na kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 4 au zaidi. Ujumbe "GPU memory full" ukitokea, shusha taimulaini hadi 1920 kwa 1080 wakati wa kuhariri, weka Timeline Playback Resolution (zamani Timeline Proxy) kwenye Half au Quarter, na washa Render Cache ya Smart. Kasi ya fremu ya mradi ukishaingiza klipu ya kwanza haibadiliki tena, kwa hiyo iamue mapema kwenye Project Settings. Anayetumia Linux ajue kuwa toleo la bure limekuwa halifungui H.264 (namna ya kubana video) inayotoka kwenye kamera na simu nyingi. Inabidi kubadili kwanza kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa amri za maandishi:

ffmpeg -i shoti.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le shoti.mov

Faili litavimba mara kadhaa, tenga diski ya kutosha.

Premiere Pro

Premiere unaikodi, huinunui. Kwa mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi ni takriban dola 23, maana yake ndani ya miezi 13 umeshatoa bei ya Resolve Studio na bado huna programu iliyo yako. Sababu nzuri ya kuilipia ni moja: kazi yako inapita mikononi mwa watu wengine wanaotumia Premiere na After Effects. Mradi ukihamishwa kwa XML (faili la kuhamishia mradi) kwenda programu nyingine, Cross Dissolve ya kawaida huvuka salama, lakini mipito ya kununua huko nje hupotea au hugeuka kuwa myeyuko mtupu. Kama studio nzima iko Premiere, baki Premiere.

Mahali inapopendeza ni kwenye mkato uliofichwa. Kamera inapita nyuma ya nguzo au mgongo wa mtu, na upande wa pili ni mahali pengine. Weka shoti ya kwanza juu, ya pili chini yake. Kwenye Opacity ya shoti ya juu chukua kalamu, chora maski (mstari unaoamua sehemu gani ya picha ionekane) ikifuata ukingo wa nyuma wa nguzo, washa alama ya saa ya Mask Path, kisha songa fremu moja moja ukiirekebisha. Kwa kawaida ni fremu 10 hadi 20, na ni kazi ya dakika 15 ikifanywa kwa subira. Feather (ulaini wa ukingo wa maski) iwe sawa na ukungu wa nguzo yenyewe: kwa video ya 1080 anza na pikseli 20, ongeza hadi 40 kama nguzo inapita kwa kasi. Ukingo mkali kuliko nguzo unaonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mpito huu hufa kwa sababu mbili kuu, kamera ilikwenda kwa kasi tofauti kwenye shoti mbili, au mwanga wa shoti hizo haulingani. Hakuna programu itakayoponya la kwanza.

Njia ya kibodi ni Ctrl+D kwa mpito wa picha na Ctrl+Shift+D kwa wa sauti. Majaribio ya bure ni siku 7. Jihadhari na nakala zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwenye flashi: pamoja na virusi, haziboreshwi, na mradi uliotengenezwa kwenye toleo jipya haufunguki kwenye toleo la zamani.

Final Cut Pro ni ya vifaa vya Apple tu; ile ya Mac ni dola 299.99. Ni nyepesi kwenye MacBook yenye chipu za Apple, na myeyuko wake una Look nyingi kuliko wenzake. Mwenye Mac anayefanya kazi peke yake hatajuta. Asiye na Mac asinunue Mac kwa ajili yake.

Laptopu dhaifu na simu

Kdenlive na Shotcut ni bure kabisa, na zote zimejengwa juu ya injini moja ya MLT. Zinafanya kazi kwenye laptopu ambazo Resolve ingezikataa, mradi uwashe Proxy (nakala nyepesi za klipu). Kwenye Kdenlive chagua mkato, bonyeza U, unapata mchanganyiko wa klipu mbili zilizo njia moja. Kwenye Shotcut unaivuta klipu ipande juu ya jirani yake, na eneo lililopandana ndilo linakuwa mpito. Inafurahisha kwa wepesi wake, ila kumbuka kila mpandano unafupisha jumla ya muda.

Hazina mapambo mengi, lakini zina kitu kimoja ambacho wahariri wengi hawakijui: unaweza kutengeneza mfuto (Wipe, shoti mpya inapoifuta ya zamani) wako mwenyewe kwa picha ya kijivu. Programu inasoma mwangaza wa kila nukta na kuutumia kama ratiba, giza linabadilika mapema na weupe baadaye, au kinyume chake ukigeuza. Fungua GIMP, programu ya kuhariri picha, tengeneza picha ya 1920 kwa 1080 yenye mteremko wa nyeusi kwenda nyeupe, ichafue kwa brashi laini, ihifadhi kama PNG, kisha uiite kama Wipe na kuongeza Softness. Unapata shoti mpya ikiingia kama maji yanayotambaa kwenye sakafu, na hakuna mwingine mwenye mpito huo.

CapCut ya ByteDance ndiyo iko kwenye simu za wengi. Kwa video fupi ni ya haraka: gusa kisanduku cheupe kati ya klipu mbili, chagua, vuta muda. Udhaifu wake kwa kazi ya kisinema uko palepale penye wepesi: muda unapimwa kwa sekunde na vipande vya sekunde, hauhesabu fremu. Mipito inayovutia zaidi ina alama ya Pro, na vitu kadhaa vilivyokuwa bure vimehamia huko, kwa hiyo hakikisha kabla ya kumwahidi mteja. Futa pia kile kipande cha nembo kinachojiongeza chenyewe mwishoni. Kwenye CapCut mkato mkavu uliowekwa mahali sahihi utakupa sinema kuliko mpito wowote uliomo kwenye orodha.

Vifurushi vya kununua vyenye moto wa filamu na miale ya mwanga vinafanya kazi kwenye programu zote hizi. Weka klipu ya moto juu ya mkato, hali ya mchanganyiko iwe Screen (inayoufanya weusi usionekane), na fremu iliyo nyeupe kuliko zote ikae juu kabisa ya mkato. Kama nyuma ya moto si nyeusi kamili, picha yako yote itapata utando. Shusha giza la klipu ya moto hadi nyeusi igonge sifuri.

Sauti

Mpito mwingi unaosifiwa kuwa wa kisinema, ukiuchunguza, ni mkato mkavu ambao sauti yake ilitangulia. Adhana, honi ya bodaboda au mlango wa shoti ijayo unasikika wakati bado tunaangalia uso wa mtu wa shoti hii. Kwenye Resolve na Premiere shika Alt, kamata ukingo wa picha peke yake, usogeze mbele. Kwa mazungumzo fremu 8 hadi 20 zinatosha. Kwa sauti ya mazingira unaweza kwenda sekunde 2 au 3. Kwenye CapCut itenge sauti kwanza, kisha ikate kivyake.

Sauti mbili zinapopishana, chagua aina ya mfifio. Kwa sauti zisizofanana, Cross Fade +3 dB ya Resolve au Constant Power ya Premiere huzuia shimo la ukimya katikati. Kwa sauti ileile iliyokatwa mara mbili, mfano mvumo wa chumba, tumia 0 dB au Constant Gain, la sivyo itavimba.

Kabla ya kufungua programu yoyote

Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka. Matokeo yake ni midomo kuachana na sauti, na myeyuko mrefu unaotetemeka. Ipitishe klipu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua Constant Framerate, RF (kipimo cha ubora) 16 hadi 18, kisha ndipo uhariri. Bora zaidi ni kurekodi vizuri tangu mwanzo kwa Blackmagic Camera, programu ya bure ya iPhone na Android: fremu 25, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wa Afrika Mashariki ni hezi 50, na shata hiyo inaondoa kumeta kwa taa za ndani. Usichanganye 30 na 25 kwenye taimulaini moja kama unaweza kuepuka, maana kukwama kwake huonekana zaidi ndani ya myeyuko wa polepole kuliko mahali pengine popote.

Na kwa kuwa umeme wenyewe hukatika, kwenye Resolve nenda Preferences, User, Project Save and Load, uhakikishe Live Save imewashwa, kisha uongeze Project Backups na folda yake uiweke kwenye diski nyingine.